Taja Unachokiona

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Mlima Hanang, nilikuwa na kazi yangu moja. Nilipiga magoti chini ya bawa la ndege, nikakinga mafuta kidogo kwenye chupa ya jemu, kisha nikaiinua chupa kwenye mwanga kutazama kama kuna maji. Maji yakiwemo hukaa chini. Yasipokuwemo unamwaga, unahamia bawa la pili.

Asubuhi ile upepo wa Basotu ulikuwa unakata. Nilijifunika kitenge cha mama kuanzia kichwani, nikainama kwenye kazi yangu.

Nikasikia hatua. Nikajua ni Mzee Baltazar, mwalimu wangu. Nikaanza kuinuka ili nimwamkie.

Hakuningoja.

"Shikamoo, mama," alisema.

Chupa ikaniponyoka.

Mtu wa kwetu ataelewa. Kwetu Mbulu, mtoto akimpita mkubwa bila kumwamkia anarudishwa kutoka katikati ya njia. Lakini mkubwa kumwamkia mtoto? Mzee mwenye wajukuu, aniamkie mimi? Kuitikia marahaba nisingeweza hata kwa kuchapwa.

Naye akasimama, kofia mkononi, akinisubiri niitikie. Uso wake ulikuwa wa heshima kabisa. Hapakuwa na utani ndani yake.

"Mzee," nilisema mwishowe. "Ni mimi, Judica."

Uso ukabadilika haraka, kama mtu aliyevuta pazia.

"Najua ni wewe!" Akacheka. "Umejifunika kama bibi kizee anayekwenda jumuiya. Nikasema ngoja nimpe heshima yake."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mafuta yana maji?"

"Hayana."

"Haya. Twende kazini."

Nilicheka ili kumridhisha. Kisha nikainama kuokota chupa, nikaifuta majani.

Wenye gazeti la wiki jana wanajua nilivyofika pale. Kwa wengine nitasema kwa kifupi. Nimesoma chuo, nina leseni ya kurusha ndege ndogo, na nilikuwa sina kazi. Kampuni moja inayonyunyizia dawa kwenye mashamba ilikubali kunichukua kwa sharti moja: niwe na cheti cha awali cha sarakasi za angani.

Si kwa ajili ya maonyesho. Ndege ya dawa huruka chini sana na kugeuka kwa nguvu. Ikipinduka, rubani hana nafasi ya kufikiri. Wanataka mtu ambaye mwili wake umeshazoea kupinduka na kurudi.

Nilitafuta mwalimu hadi soli za viatu zikaisha. Arusha waliniambia ndege zao haziruhusiwi kupinduliwa. Dar es Salaam mwalimu alikuwepo, ndege haikuwepo. Nairobi ndege ilikuwepo, lakini imefunguliwa vipande vipande na kutandazwa kwenye turubai. Nilikuwa nimekata tamaa pale fundi mmoja aliponiuliza, "Wewe si wa Mbulu? Unahangaika mbali kwa nini? Kuna mzee huko huko kwenu, kwenye ngano za Hanang."

Ndiyo nikafika kwa Mzee Baltazar. Alinyunyizia dawa ngano za Basotu tangu ujana wake. Alipostaafu alibaki na banda la mabati, uwanja wa majani, na ndege nyekundu ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ambayo ilitengenezwa ili ipinduke.

Siku niliyofika, sauti hainitoki kwa aibu, aliusogeza uso wake karibu na wangu, akatulia. Kisha akamwambia mkewe, Mama Hilda, "Huyu ana macho ya rubani."

Msomaji, hakuna aliyewahi kuniambia neno kama lile. Chuoni waliniambia sauti yangu haisikiki redioni. Mjomba aliniambia urubani si kazi ya mtu anayelia akiona kuku anachinjwa. Neno lile la Mzee Baltazar nililitandika kitandani, nikalilalia kama mto.

Sasa nilikuwa nimeshamaliza lupu, yaani kuizungusha ndege wima kama gurudumu. Nilikuwa nimemaliza roli, yaani kubingirika ubavu kwa ubavu. Ilibaki spini.

Spini ni ndege kuporomoka huku inazunguka, kama kishada kilichokatika uzi. Ukijua kutoka humo, unasainiwa cheti. Usipojua, hakuna wa kukusainia.

* * *

Kabla ya kupanda tulimwaga vitu vya mifukoni kwenye bakuli la bati. Simu, rozari, kalamu, pipi. Ndege ikigeuka juu chini, kitu kidogo mfukoni kinakuwa jiwe. Mzee alipapasa ndani ya bakuli kwa vidole, akikitambua kimoja kimoja.

"Rozari yako iko wapi? Leo sijaisikia."

"Iko chini ya simu, mzee."

"Aa. Sawa."

Akaenda mbele, akaizungusha propela kwa mkono. Ndege ile haikuwa na swichi ya kuwashia. Ni ya zamani, inaamshwa kwa mkono kama mtu aliyelala. Ilipiga kelele, akazunguka bawa huku mkono wake ukitambaa juu yake, akapanda kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa cha mbele. Kupaa na kutua ilikuwa kazi yangu.

"Taja!" alisema kwenye hedifoni.

Huo ndio ulikuwa ufundishaji wake. Tangu siku ya kwanza alikataa ninyamaze. Kila kitu nilichokiona nilipaswa kukitaja kwa sauti.

"Uwanja umeisha! Ziwa liko kulia! Ngano mbele! Mlima mbele kushoto!"

"Kovu?"

"Kovu la maporomoko ya mlimani liko mbele, wingu limelifunika nusu!"

"Nguvu zaidi. Unamnong'oneza nani?"

"KOVU LIKO MBELE, MZEE!"

"Ndiyo hivyo."

Nilidhani ananitibu aibu. Na kweli ilikuwa inatibika. Mimi niliyekuwa naomba chumvi mezani kwa kunong'ona, sasa nilikuwa napiga kelele juu ya wilaya nzima.

Juu ya ngano palikuwa na upepo mbaya, tukasogea kuelekea mlimani kutafuta hewa iliyotulia. Nikafanya lupu moja. Akanisifu. Kisha akasema, "Nipe usukani, pumzika. Ngano sasa ziko kulia kwetu, sivyo?"

Nilitazama. Ngano zilikuwa kushoto. Kulia kulikuwa na mlima.

Hapa ndipo nataka mnielewe. Nilijua kushoto na kulia. Lakini mzee amesema. Amezijua ngano zile kabla mama yangu hajaolewa. Nikafikiri labda ananipima, labda anasema ngano nyingine za ng'ambo. Mdomo wangu ukajibu kama ulivyofundishwa nyumbani.

"Ndiyo, mzee."

Akageuza kulia.

Mlima ukaja. Kwanza ulikuwa rangi ya bluu, halafu kijani, halafu ukawa miti. Nikasubiri ageuze. Hakugeuza. Aliimba wimbo wa kanisani polepole, kama mtu anayeendesha baiskeli njia tupu.

Niliona mzinga wa nyuki umening'inia mtini. Niliona kamba iliyoufunga.

Nikashika usukani, nikauvuta kushoto kwa nguvu zote. Bawa likasimama wima. Matawi yakapita chini yetu kwa kasi, kisha yakaisha, ikabaki hewa.

Wimbo ulikuwa umekatika.

"Kwa nini umeshika?" aliuliza. "Nilikuambia ushike?"

"Samahani, mzee."

"Uliona nini?"

Nikainyoosha ndege kwanza.

"Judica, uliona nini?"

"Mlima, mzee."

Nilimsikia anapumua.

"Ulikuwa mbali," alisema.

* * *

Tulipotua nilijifanya nafunga kamba za mabawa ili nisitazamane naye. Aliondoka kuelekea nyumbani akiifuata njia yenye mawe meupe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mawe yale yamepakwa chokaa.

Gidobat alikuwa ananisubiri nyuma ya banda. Ni mfugaji, boma lake liko ng'ambo ya uwanja, na ng'ombe wake ndio waliokuwa wanakata majani yetu bure. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja kwenye fimbo.

"Rubani," alisema. Aliniita hivyo kwa utani tangu siku aliponiona natapika. "Nimehamisha ng'ombe."

"Shikamoo. Kutoka wapi?"

"Marahaba. Kutoka kule chini yenu. Mnakopindukia."

"Kwa nini?"

"Mbuzi akiwa anateleza juu ya mwamba, wewe unakaa chini yake?"

Akaonyesha uwanja kwa kidevu.

"Nimewaleta hapa uwanjani. Majani mazuri, na hapa hamwanguki. Nikisikia mlio nawaondoa. Nyie mnalia kama mashine ya kusaga, hata nikiwa ndani nasikia."

"Haya, asante."

Hakuondoka. Alibadilisha mguu.

"Juzi mzee wako amelisalimia dume langu."

"Unasema?"

"Dume. Lile jeusi. Lilikuwa limesimama mlangoni pa banda. Akaliambia, Gidobat, habari ya asubuhi. Mimi niko nyuma yake, nimenyamaza. Dume nalo limenyamaza. Akasema, leo umeamka vibaya. Akaenda zake."

Nilitaka kucheka. Kicheko kikafika shingoni, kikakumbuka shikamoo ya asubuhi, kikarudi chini.

"Hukumwambia?"

"Mimi?" Akanitazama kama nimetukana. "Nimwambie mtu mzima kwamba amesalimia ng'ombe? Mwambie wewe uliyesoma."

"Mimi ni mtoto kwake. Siwezi."

"Basi," alisema Gidobat. "Mimi ng'ombe wangu nimeshawaondoa."

Akaenda. Kule tambarare, mahali tulipozoea kuona madoa meupe na mekundu ya mifugo chini ya sarakasi zetu, palikuwa patupu.

* * *

Mchana Mama Hilda alipakua makande na maziwa mgando. Nilikuwa nimekula meza ile tangu nifike, lakini siku ile ndiyo niliyoitazama.

Aliweka kikombe cha mumewe mkono wa kulia, akakigonga mezani mara mbili. Ko, ko. Mkono wa mzee ukaenda moja kwa moja kwenye kikombe.

Akaweka kijiko. Ko, ko. Mkono ukaenda.

Mimi kikombe changu hakikugongwa.

Mzee alikula kwa adabu, akasifu chumvi, akaenda kupumzika. Nikabaki naosha vyombo na Mama Hilda.

"Mama," nilisema. "Mzee... macho yake hayajambo?"

Aliisuuza sufuria. Akaisuuza tena, na ilikuwa safi.

"Maji yanapoa, mwanangu. Maliza hizo."

"Ndiyo, mama."

Akaifunika sufuria juu ya kichanja. Akasimama amenipa mgongo.

"Judica."

"Abee, mama."

"Ukiwa juu na yeye, usinyamaze."

"Nisinyamaze?"

"Sema. Hata kama ni kitu cha kijinga, sema. Umenisikia?" Akaushika ukingo wa kichanja. "Wakubwa wa anga wakijua, watamchukulia ile ndege, naye atakufa hapa hapa kwenye kiti. Lakini usinyamaze."

Akaingia ndani, akafunga mlango, mama ambaye mlango wake haukuwahi kufungwa mchana.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa Irene, meneja wa ile kampuni.

"Dada Judica, umefikia wapi?"

"Imebaki spini tu, dada."

"Sikia, kwelea kwelea wameonekana Hirbadaw. Wameshashuka kwenye mtama, wakitoka hapo wanaingia ngano. Jumatatu asubuhi nataka rubani ndani ya ndege. Kuna kijana anaitwa Tito, ana cheti tayari mkononi. Mimi nakutaka wewe, lakini siwezi kuwaambia ndege hawa wasubiri."

"Kesho nitakuwa nimemaliza."

"Una hakika?"

Nilitazama mlango uliofungwa. Nilikumbuka mzinga wa nyuki na ile kamba.

"Nina hakika, dada."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Spini ya kushoto, spini ya kulia, basi. Nitataja kila kitu, hata nzi akipita. Mwenye macho si mimi? Si alisema mwenyewe? Akishanisainia, nitatafuta maneno mazuri ya kumwambia. Hayo ndiyo niliyojidanganya nayo, mikono ikiwa ndani ya maji machafu.

* * *

Jumamosi ilikuwa nyeupe na haina upepo. Nilikinga mafuta. Hayakuwa na maji. Safari hii sikujifunika kitenge, na nilipomwona anatoka nyumbani nilianza kupiga kelele akiwa bado mbali.

"Shikamoo, mzee! Ni Judica!"

Akasimama kidogo kwenye njia yake ya mawe meupe.

"Marahaba," alisema. "Leo umeamka na sauti."

Ng'ombe walikuwa wametanda uwanjani. Gidobat aliposikia injini alipiga mluzi, wakasogea pembeni kwa uvivu, dume jeusi la mwisho. Tulipopaa niliwaona wanarudi katikati, wanafunga nyuma yetu kama maji.

Tulipanda sana. Mashamba ya ngano yakawa viraka, ziwa likawa sarafu.

"Taja!"

"Ziwa nyuma! Ngano chini yetu, zimejaa pande zote! Mlima uko mbali, mzee, mbali kabisa, mbele kulia! Hakuna wingu!"

"Sikiliza sasa. Kwenye spini dunia inazunguka, wewe umetulia. Usiitazame yote, utachanganyikiwa. Tazama inazunguka upande gani, basi. Ukizunguka kushoto, kanyaga pedali ya kulia. Ukizunguka kulia, kanyaga kushoto. Kisha sukuma fimbo ya usukani mbele. Anayekosea upande anaizidishia ndege kasi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ya kwanza nakuonyesha. Wewe taja tu."

Aliipunguza nguvu ya injini, akainua pua ya ndege hadi ikachoka. Ikatetemeka. Ikaanguka.

Ngano zikaja mbele ya kioo, zikaanza kuzunguka.

"KUSHOTO!" nilipiga kelele. "Tunazunguka kushoto!"

Mguu wake ukakanyaga kulia. Mzunguko ukakata. Tukainuka.

"Umeona?" alisema kwa furaha ya kijana. "Umetaja vizuri. Moja hiyo."

Nilikuwa natabasamu peke yangu kule mbele. Imebaki moja. Imebaki moja tu, niko kazini.

"Sasa ya kulia. Tutakwenda pamoja, mguu wako juu ya pedali, usikanyage, sikilizia wangu."

Tulipanda tena, lakini si kama mwanzo. Niliona ziwa halijawa sarafu, bado ni sahani. Nilitaka kusema, mzee, tuko chini. Nikaona ni kumfundisha kazi. Nikanyamaza.

Pua ikainuka. Ikatetemeka. Ikachoka.

Alikanyaga kulia. Ndege ikasita kidogo, kama mnyama anayekataa kamba, ikajitupa kushoto.

Ngano. Barabara ya trekta. Ngano. Barabara ya trekta. Kushoto, kushoto, kushoto.

Mguu wake ukakanyaga kushoto kuiokoa.

Nilisikia chini ya unyayo wangu. Pedali ilikwenda upande ule ule tunaozunguka. Mzunguko ukakaza. Kichwa changu kikabanwa kwenye mbavu za ndege.

"Kulia, sivyo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini nilikuwa nimeshaijua, ilikuwa sauti ya mtu anayepapasa bakuli. "Tunazunguka kulia, sivyo, binti?"

Na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuja lenyewe, na adabu yake yote, na miaka yangu yote. Ndiyo, mzee.

Barabara ya trekta. Ngano. Niliona sasa masuke.

"HAPANA!"

Sikuijua sauti ile.

"Hapana, mzee! Umekosea! Ni kushoto! Unatuua, toa miguu! TOA MIGUU!"

Pedali ikalegea.

Nikakanyaga kulia hadi goti likalia. Nikasukuma fimbo mbele. Ngano zikasimama, zimenitazama usoni kwa karibu. Nikavuta polepole, nikiomba, na ngano zikapita chini ya tumbo letu, na mbele yangu pakawa na anga.

Tulikuwa hai.

Palikuwa na utulivu wa ajabu. Nilisikia upepo kwenye mabawa, nikafikiri, mbona pametulia hivi? Mbona namsikia hadi anavyomeza mate bila hedifoni?

Kisha nikaiona. Propela ilikuwa imesimama mbele ya kioo, wima, kama kidole.

"Mzee," nilisema. "Injini imezima kwenye spini."

"Nasikia."

Kule juu hakuna mkono wa kuizungusha. Tulikuwa chini mno kupiga mbizi ili upepo uiamshe. Kilichobaki ni kuteleza hadi tufike, au tusifike.

"Taja," alisema. Hakupiga kelele tena. Ilikuwa kama anaomba.

"Upeo wa macho uko sawa. Mlima uko nyuma. Banda liko mbele kushoto. Uwanja..."

Nikakwama.

"Uwanja vipi?"

Uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe. Madoa meupe, madoa mekundu, na katikati, doa moja jeusi. Hapakuwa na mluzi wala mtu anayekimbia. Gidobat alikuwa anasubiri mlio wetu kama alivyoahidi, na sisi tulikuwa tunakuja bila mlio, kimya kama mwewe.

"Uwanja una ng'ombe, mzee. Wote. Hawatusikii. Kushoto ni mtaro, kulia ni nyumba yenu. Niambie nitue wapi. Wewe unapajua. Tafadhali, mzee, tazama uniambie!"

Nilihisi kitu begani. Ulikuwa mkono wake, umekuja kutoka nyuma, unanitafuta. Uligusa bega, shingo, shavu, ukatulia pale kwenye shavu langu lililolowa, kama mtu anayesoma.

"Judica," alisema. "Siku ile uliyokuja, nikasema una macho ya rubani."

"Ndiyo, mzee."

"Sikuyaona. Nilikuwa naona kivuli tu. Sasa hata hicho sikioni." Mkono ukaondoka. "Sioni, mwanangu. Sijawahi kuijua sura yako."

(Itaendelea wiki ijayo.)